Mama Anakwenda Marseille Kumtazama Mzazi: Sheria, Adabu na Ibada kwa Anayefika Ufaransa Mara ya Kwanza

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake. Amma baad.

Tumeletewa suala na familia moja ya Wete, Pemba. Binti yao ameolewa na kijana wa Kingazija anayeishi Marseille, kusini mwa Ufaransa, na inshaallah atajifungua mwezi wa Julai. Mama yake anataka kwenda kumtazama mzazi mpaka arubaini itoke, kama ilivyo ada yetu, na atafuatana na mwanawe wa kiume. Mama huyu safari yake ya pekee ya nje ni ya Hijja, na tangu ujana wake havui nikabu mbele ya asiyekuwa maharimu wake. Wanauliza: ni kweli kwamba nikabu imekatazwa huko? Na ikiwa ni kweli, aende au asiende? Kisha wanaomba waelezwe mambo ambayo mgeni anatakiwa kuyajua ili mama asiaibike na asimuaibishe mkwewe.

Masuala ya namna hii yanatufikia mara kwa mara, kwani Marseille si mji mgeni kwetu kama watu wanavyodhani. Ni mji wa pili kwa ukubwa Ufaransa, una watu zaidi ya 850,000, na ni bandari ya tangu zama za Wagiriki. Wangazija wamekuwa wakiingia hapo kwa miaka mingi, wengi wa mwanzo wakiwa mabaharia, hata wenyewe kwa utani huuita mji huo kisiwa cha tano cha Komoro. Na sisi na Wangazija ni damu moja. Sheikh Ahmed bin Sumeyt, aliyekuwa kadhi hapa Unguja na kufariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija. Basi mama atakapofika atakuta watu wenye madhehebu yake ya Shafi, wanaosoma Maulid kama yake, na lugha ambayo akitega sikio vizuri ataipata nusu yake. Hilo tu linapunguza ugeni.

Tuanze na la nikabu, kwa sababu ndilo linalomkosesha mama usingizi.

Ni kweli. Ufaransa ilipitisha sheria tarehe 11 Oktoba 2010, ikaanza kutumika Aprili 2011, inayokataza mtu kufunika uso mahali pa hadhara. Mahali pa hadhara maana yake ni njiani, sokoni, madukani, ndani ya basi na treni, uwanja wa ndege, hospitali na ofisi za serikali. Anayevunja hutozwa faini inayofika euro 150. Aidha sheria hiyohiyo inamuadhibu vikali anayemlazimisha mwanamke kufunika uso, adhabu yake ikiwa ni kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi euro 30,000. Kwa hivyo waume na watoto wa kiume nao wajue wanasimama wapi. Nyumbani, na ndani ya nyumba za ibada, sheria hii haimgusi mtu.

Lakini watu huchanganya, na uvumi huongeza chumvi. Ushungi haukukatazwa njiani. Mama anaweza kuvaa baibui lake na mtandio wake, uso wazi, akapanda basi, akaingia dukani, akatazama makumbusho, akalala hospitali akiwa mgonjwa, na hakuna sheria inayomzuia. Waliokatazwa kuvaa ushungi ni watumishi wa umma wakiwa kazini, na wanafunzi wa skuli za serikali kwa sheria ya mwaka 2004. Mgeni si mmoja wao. Hata akifuatana na bintiye kumchukua mtoto mkubwa skuli, yeye ni bibi tu anayesubiri mlangoni.

Sasa hukumu yake. Kauli inayotegemewa na wengi katika vitabu vyetu vya Kishafi ni kwamba mwanamke hufunika uso wake mbele ya wanaume wa kando. Hata hivyo, ndani ya madhehebu hayohayo ipo kauli nyengine, nayo ndiyo waliyonayo Mahanafi na Mamaliki, kwamba uso na viganja si uchi unaowajibika kufunikwa pasipokuwa na khofu ya fitna. Mama huyu hakulazimishwa kwenda Ufaransa. Anaomba ruhusa ya kuingia, na anayepewa viza amefunga ahadi na wenye nchi kwamba atafuata sheria zao kwa muda atakaokuwa kwao. Sote tunajua namna Suratul Maida inavyoanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Kwa hivyo rai yetu ni hii: akiwa moyo wake umetulia kuichukua ile kauli ya pili kwa haja hii ya kumhudumia binti yake, na aende, afungue uso, avae la kumsitiri bila pambo, na wala asijione amefanya dhambi. Na akiwa moyo wake haukutulia, hana lazima ya kwenda. Arubaini ya binti inaweza kusimamiwa na wavyele wa upande wa mume, na yeye abaki na dua zake. Ambalo hatulipendi ni la tatu, la kwenda kisha kufanya ujanja wa kuvaa barakoa ya hospitali kila siku kama kisingizio. Barakoa ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mwanamke wa makamo kusimamishwa na polisi njiani kwa lugha asiyoijua ni fedheha kubwa kuliko kufungua uso.

Mwanawe alituuliza kwa simu, je, asimwambie mamake mpaka wafike? Tulimwambia hapana. Mama ana haki ya kuamua akiwa kwake, juu ya mkeka wake, na si mbele ya askari wa uhamiaji.

Karatasi na mzigo

Viza ya muda mfupi ya Ufaransa ni ile inayoitwa ya Schengen. Inampa mtu siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na ada yake kwa mtu mzima tangu Juni 2024 ni euro 90. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini yanaweza kuchukua mpaka 45, basi kwa safari ya Julai ni vyema kuanza mwezi wa nne. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka na kurasa 2 tupu, na bima ya safari iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Bima hii msiichukulie kama karatasi ya kujazia faili. Matibabu huko ni ghali, na mtu wa makamo haijui kesho yake.

Mkwe naye ana kazi. Kwa kuwa mama atafikia nyumbani na si hotelini, mkwe atakwenda ofisi ya meya ya mtaa wake, wanaiita mairie, aombe hati ya kumpokea mgeni iitwayo attestation d'accueil, ambayo ina stempu ya euro 30. Watamuuliza nyumba ina ukubwa gani na kipato chake ni kiasi gani. Hati ya asili ndiyo inayotumwa Pemba, na mama anaibeba mkononi mpaka uwanja wa ndege wa huko, kwani anaweza kuulizwa tena akifika. Aanze mapema, maana ofisi zao hazisukumwi.

Mzigo ndio uliotutia uchungu sisi wenyewe. Safari yetu ya kwanza tulibeba maembe boribo ya zawadi, tumeyafunga moja moja kwa magazeti kama mayai, na yote yakaishia kwenye pipa la forodha mbele ya macho yetu. Sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya inakataza msafiri anayetoka nje kuingiza nyama na maziwa na vitokanavyo navyo. Hapa ndipo mama anapotaka kulia, kwa sababu samli ya mzazi imo humo. Samli hairuhusiwi. Siagi na samli zinapatikana Marseille kwenye maduka ya Wahindi na Waarabu, ila haitakuwa ya ng'ombe wa Konde, na hilo hatuna la kulifanya. Nyama kavu pia hapana. Asali inaruhusiwa mpaka kilo 2, kwa hivyo ya Pemba ipo njia. Samaki mkavu na dagaa wanaruhusiwa mpaka kilo 20. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian, yaani doriani letu. Nazi basi zipo, alhamdulillah. Doriani sheria inaliruhusu, lakini shirika la ndege lina pua, tunashauri liachwe. Mikate na biskuti zisizo na nyama wala krimu hazina tatizo, kwa hivyo vileja na visheti viende. Na anayebeba fedha taslimu zinazofika euro 10,000 lazima azitangaze.

Bonjour ndiyo hodi yao

Ikiwa mama atajifunza neno moja la Kifaransa, liwe bonjour. Hutamkwa bonzhuu, na herufi ya mwisho huvutwa kidogo kooni. Wengi wetu tukisikia Wazungu hawasalimiani njiani hudhani ni watu wasiojali salamu. Kwa Mfaransa ni kinyume. Ukiingia dukani, hata kama hununui, unasema bonjour kwanza. Ukipanda basi, unamwambia dereva. Ukisimama mbele ya karani, mbele ya nesi, mbele ya muuza mkate, bonjour, ukiongeza madame kwa mwanamke au monsieur kwa mwanamme, kisha ndipo unasema shida yako. Jioni husemwa bonsoir. Ukitoka unasema merci, au revoir.

Sisi tulilipata somo hili kwenye duka moja la dawa. Tuliingia na haraka zetu, tukaweka karatasi ya daktari juu ya meza tukasema tunachotaka. Bibi aliyekuwa nyuma ya meza alitutazama, akanyamaza, kisha akasema bonjour taratibu, akasubiri. Tukaelewa. Tulipomjibu, akawa mtu mwengine kabisa, akatueleza dawa mpaka tukachoka. Hatukuona kiburi katika jambo lile. Kwetu mtu akiingia ukumbini bila hodi tunamuonaje?

Maneno ya adabu yanayobaki ni machache: s'il vous plaît, husemwa sil vu ple, ni tafadhali, pardon ni samahani. Na wana "wewe" mbili. Kwa mtu usiyemjua, mkubwa, au ofisini, tumia vous. Ile tu ni ya jamaa, marafiki na watoto.

Suala la mikono linasumbua wengi. Mwanamke wa Kifaransa, awe daktari au jirani, anaweza kunyoosha mkono kwa kijana wetu, na marafiki wa familia wanaweza kuja kwa busu la shavuni, ambalo kwao ni salamu tu. Rai ya madhehebu yetu juu ya kugusana na asiyekuwa maharimu inajulikana. Kinachotakiwa ni kuwahi: mkono wako wa kulia uwe kifuani kabla yeye hajanyoosha wake, uiname kidogo, utabasamu, useme bonjour madame kwa sauti ya kusikika. Ukifanya hivyo mapema hakuna anayeona amekataliwa. Ukingoja mpaka mkono wake ukaning'inia hewani, umemuaibisha mtu mbele ya wenziwe. Wanawake kwa wanawake, mama na akubali busu za Wangazija na Waarabu, atazipata nyingi.

Nyakati, kibla na sala

Hapa pana fiqhi ambayo mtu wa visiwani haijui kwa sababu hajaihitajia. Kwetu mchana na usiku huenda karibu sawasawa mwaka mzima. Marseille katikati ya Julai, Alfajiri huingia mnamo saa kumi za usiku, Adhuhuri karibu saa nane kasorobo mchana, na Magharibi ni saa tatu na robo usiku. Isha inakhitilafiana kwa hesabu ya digrii wanayoifuata: msikiti mmoja unaweza kuisali saa nne na nusu, na mwengine baada ya saa tano. Mama asichanganyikiwe akadhani mmoja wao umekosea. Achague ratiba ya msikiti ulio karibu na nyumba ya bintiye aishike hiyo hiyo. Anayekwenda Disemba atakuta kinyume chake: jua linatua kiasi cha saa kumi na moja jioni na sala za mchana zinafuatana mbiombio.

Saa zao nazo zinahesabiwa mpaka 24. Wakiandika 14h30 kwenye karatasi ya miadi, hiyo ni saa nane na nusu mchana. Tumeona mtu akikosa daktari kwa sababu alihesabu Kiswahili. Kiangazi wao wako nyuma yetu kwa saa moja, na majira ya baridi kwa saa mbili, kwa kuwa hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Na miadi ya 14h30 ni 14h30.

Kibla kwetu ni karibu kaskazini moja kwa moja. Marseille ni kusini mashariki, ukielemea zaidi mashariki. Mama asije akatandika msala kwa mazoea ya Wete.

Kufupisha sala: akiwa njiani atafupisha na kukusanya, ni msafiri. Lakini amenuia kukaa arubaini, na kwa Mashafi anayenuia kukaa siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea mara tu anapofika. Kwa hivyo atasali kamili tangu siku ya kwanza Marseille, na mwanawe atawajibika kusali Ijumaa. Msikiti mkubwa wa kupigiwa mfano asiutafute. Jiwe la msingi la msikiti mkuu liliwekwa mwaka 2010, lakini haukujengwa. Misikiti iliyopo mingi ni kumbi na nyumba za kawaida, nje huoni mnara, na siku ya Ijumaa watu hujaa mpaka mlangoni. Nafasi ya wanawake katika baadhi yake ni ndogo, basi waulize kabla ya kwenda.

Udhu wa nje ya nyumba ni mtihani. Vyoo vyao havina maji ya kustanji, kuna karatasi tu, kwa hivyo chupa ndogo ya maji iwe ndani ya mkoba daima. Na tunawausia vijana wasinyanyue miguu kuiosha kwenye sinki la mkahawa au la stesheni. Mwenye mahali hukasirika, na maji yakimwagika chini mtu akateleza, umemdhuru. Toka nyumbani na udhu, au vaa khofu zilizotimiza masharti upanguse juu yake, ruhusa ya siku nzima kwa mkaazi na siku tatu kwa msafiri. Ruhusa hii tunaisoma chuoni tukiwa watoto kisha hatuitumii maisha yetu yote.

Chakula

Marseille ni mwepesi kwa Muislamu kuliko miji mingi ya Ulaya. Soko la Noailles, karibu na barabara kuu ya La Canebière, lina mabucha ya halali, viungo, mihogo na ndizi mbichi, na mama atajihisi yuko Darajani. Idhini za wachinjaji wa halali nchini Ufaransa hupitia misikiti mitatu, ya Paris, Lyon na Évry, na mabucha mengi hubandika karatasi zao ukutani. Kuuliza si aibu. Asubuhi, bandari ya zamani, Vieux-Port, wavuvi huuza samaki wabichi kwenye meza palepale ukingoni, na mtu wa Pemba hatahitaji mkalimani kumjua samaki mzuri.

Tahadhari iko kwenye vya kufungwa na vya mkahawani. Maneno ya kuyajua kwa macho ni porc, jambon na lardons, yote ni nguruwe. Saindoux ni mafuta yake. Gélatine bila ya maelezo huwa mara nyingi ni ya nguruwe. Vin na rhum ni ulevi, nao huingia kwenye michuzi na hata kwenye keki. Ule mchuzi wao maarufu wa samaki, bouillabaisse, baadhi ya wapishi huutia mvinyo, basi ulizeni. Mkahawani maji ya bomba ni bure ukiomba une carafe d'eau, na bei iliyoandikwa tayari ina malipo ya huduma. Mchana hupika kuanzia saa sita mpaka saa nane. Ukifika saa tisa na njaa yako, utaambiwa jikoni kumefungwa.

Sabuni ya Marseille ni zawadi nzuri ya kurudi nayo, ila baadhi ya zile za bei rahisi zimechanganywa na mafuta ya wanyama. Chukueni iliyoandikwa huile d'olive.

Ndani ya nyumba ya mzazi

Hili ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu, kwani mama haendi kutembea, anakwenda kulea.

Mtoto akizaliwa, sheria inamtaka babake amwandikishe mairie ndani ya siku 5. Jina lazima liwepo. Sisi tumezoea kungoja siku ya saba na hakika. Hakuna mgongano: Mtume (S.A.W.) alimpa mwanawe Ibrahim jina usiku uleule aliozaliwa, kama ilivyopokewa katika Sahih Muslim. Wazee na wakubaliane jina kabla, wasije wakabishana kwa simu kati ya Wete na Moroni huku siku zinakwisha. Hakika yenyewe, kuchinja nyumbani au uani huko ni kosa. Hufanywa machinjioni palipoidhinishwa tu. Ni sahihi na ni rahisi zaidi kuwakilisha mtu Pemba achinje na kugawa.

Baada ya mzazi kurudi nyumbani, mkunga wa Kifaransa, sage-femme, huja kumtazama yeye na mtoto. Apokewe kama mgeni wa heshima. Atamtaka mtoto alale chali, kitandani kwake peke yake, bila mto, na asipewe maji. Mama atataka kusema kwamba yeye kalea saba. Tunamuomba avumilie, kwa sababu nasaha hizi zina sababu zake, na neno la bibi likigongana na la mkunga, anayeteseka ni binti katikati. Kukanda kwa maji ya moto, uji wa pilipili manga, dua na kisomo, hayo mama ayaendeleze kwa wastani. Wanja ndio tunaosema waziwazi usitiwe machoni mwa mtoto. Wanja wa jiwe mara nyingi una madini ya risasi, nayo ni sumu kwa mtoto mchanga. Si sharti la dini kwa mtoto, na madhara tumeamrishwa kuyaondoa.

Ubani na udi pia. Kila nyumba ya Ufaransa tangu mwaka 2015 inatakiwa iwe na king'ora cha moshi darini. Mama akifukiza chumba cha mzazi kama tunavyofukiza, kitalia mpaka jirani wa ghorofa ya tano ateremke. Afungue dirisha, afukize kidogo, mbali na king'ora. Na baada ya saa nne usiku kelele zinazosikika kwa jirani ni kosa, basi siku ya Maulid ya mtoto dufu liwe la mchana. Jirani akitiliwa sahani ya visheti siku moja kabla, husamehe mengi.

Mjini

Dhahabu ibaki Wete. Vikuku na mkufu wa mama ni vya harusi, si vya metro. Wezi wa mikoba na simu wapo khasa stesheni ya Saint-Charles na sokoni. Tikiti ya basi inatakiwa igongwe kwenye mashine, kwani wakaguzi hupanda ghafla na hawasikilizi udhuru. Mitaa ya kaskazini ya mji ndiko waliko ndugu zetu wengi, watu wema, lakini baadhi ya majumba yana biashara ya dawa za kulevya. Kijana asitembee huko bila mwenyeji wala asipige picha. Kwa jumla usimpige mtu picha bila ya idhini yake. Na akipita Rue d'Aubagne pale Noailles, ajue kwamba Novemba 2018 nyumba ziliporomoka hapo wakafa watu 8; wenyeji bado wanalihisi, si mahali pa kupigia picha za kucheka.

Mwanawe akitaka kwenda ufukweni wakati wa joto, atakuta watu nusu uchi, na hukumu ya kuteremsha macho haikusafirishwa. Kwenye mabwawa ya kuogelea ya serikali kwa kawaida hairuhusiwi kaptura pana wala vazi refu la kike la kuogelea, basi haina haja kwenda kubishana. Jumapili maduka mengi hufungwa.

Mgonjwa akizidiwa, nambari ni 15 kwa gari la wagonjwa, au 112 kwa dharura yoyote. Duka la dawa linajulikana kwa msalaba wa kijani. Mama anaweza kuomba kwa upole atazamwe na daktari mwanamke, na wengi hukubali akiwepo. Katika dharura aliyepo ndiye huyo, na sharia imeruhusu.

La mwisho ni hesabu ya siku. Aangalie tarehe iliyoandikwa kwenye viza yake, kwani si kila viza hutoa siku 90 zote, na asikubali kubembelezwa na mjukuu akae wiki moja zaidi ya tarehe hiyo. Anayezidisha hata kwa siku chache anaweza kunyimwa viza mara nyengine, na binti huyu, inshaallah, atazaa tena.

Wallahu aalam.